Injinia Alivyomkimbia Anti Kagendo na Nusu ya Akaunti

"Watu wangu, nyamazeni! Kuna pesa inagawiwa!"

Huyo ni Gavana. Kwenye kitambulisho anaitwa Murithi, anaendesha gari la kusambaza vifurushi, na hajawahi kugombea hata uongozi wa kwaya. Aliingia na theluji mabegani, mlango kauacha wazi, simu kainyanyua juu kama anatupungia. Ehsan akamfokea kutoka kwenye tanuri, ikabidi arudi kuufunga.

Kijiwe chetu ni meza moja kando ya friji la soda, ndani ya duka la mikate la Ehsan, kwenye plaza moja huku Scarborough, kati ya nyumba ya mashine za kufulia na fundi wa simu. Ibada ya Kiswahili ikiisha kila Jumapili, sisi hao. Ehsan ni Mwafghani. Anatuuzia chai ya maziwa kwa bei ya kirafiki, na Kiswahili chote alichojifunza kwetu ni neno moja, "kelele", nalo analitumia kila mara na kwa haki.

Siku hiyo duka lilijaa watu wanaosubiri mikate ya moto. Mmoja alisimama karibu kabisa na meza yetu, ametupa mgongo: koti jeusi refu, kofia ya koti imeshuka mpaka kwenye nyusi, skafu imepanda mpaka puani. Sikumtilia maanani. Mwezi wa pili Toronto humtambui hata mkeo mpaka avue.

"Pesa ya nani inagawiwa?" aliuliza Mama Kodi bila kuinua macho kwenye kikombe. Huyu ni Kemunto, mhasibu. Kuanzia Februari mpaka mwisho wa Aprili anawajazia watu ritani za kodi kwenye meza yake ya kulia chakula, na katika miezi hiyo usimguse.

"Ya kampuni!" Gavana akavuta kiti. "Ile kampuni ya kwenye simu, haina tawi, haina mlinzi, haina hata kalamu ya kufungwa na kamba. Imetangaza tangu Januari, mimi nimeiona leo. Ukihamisha akiba yako kutoka kwa benki yako uipeleke kwao, wanakuongezea asilimia mbili juu. Hata ukihamisha sehemu tu! Na ukiwa na kitita cha maana, wanakupa simu mpya. Halafu sikia hii, manze: benki yako ikikukata ada ya kuhama, hao wanakurudishia!"

"Ju ya nini?" akauliza Papa Bona.

Bonaventure ametoka Bukavu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha nyama, na kila jambo jema linalotokea Kanada yeye hulikagua kwanza.

"Ju ya nini aje? Ni biashara."

"Muntu anakupatia simu ju umehama? Ata! Kuko kitu hapo. Mukubwa mumoja kwetu alitupatia radio bure, kila nyumba radio. Kisha ya mwezi mbili akakuja kutuambia yeye ni chef wetu."

"Papa Bona, hii ni Kanada."

"Njo nasema. Hapa habakuambie. Banakutumia email."

"Kwani wewe akiba yako iko wapi?"

"Iko chini ya matela."

"Godoro?" Gavana akashika kichwa. "Buda, unaishi nchi iliyoendelea na pesa unailalia?"

"Matela haina ada ya kuhama. Nikihama, tunahama naye."

Tukacheka mpaka Ehsan akasema neno lake. Mama Kodi peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Injinia.

Injinia ni Festus, kijana wa Machakos, anatunza kompyuta za ofisi moja huko North York. Kwa kawaida ndiye wa kwanza kuruka likitajwa jambo la pesa. Ametuchosha mwaka mzima na akaunti yake ya TFSA, ile ya kuweka akiba na kununulia hisa, ambayo faida yake serikali haikati kodi. Alikuwa akitufungulia simu tuone mistari ya kijani inavyopanda, tukimaliza kuona anaturudisha mwanzo tuone tena. Leo Gavana kataja kuhama akaunti, na Injinia kakazana kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Injinia," Mama Kodi akamwita. "Mbona kimya?"

"Nasikiliza."

"Tangu lini?"

Gavana akamgeukia. "Ee bwana! Si wewe ndiye mtu wa TFSA? Hii habari ni yako! Hama, chukua simu mpya, hiyo ya zamani unipe mimi."

Injinia akaangalia mlango, akaangalia dirisha, kisha akainama mezani. Akaanza kunong'ona, lakini mnong'ono wa mtu aliyezoea kuongea kwenye chumba cha mashine unasikika mpaka kwenye maegesho.

"Mimi nilishahama."

"Nini?"

"Mwezi wa kwanza. Nusu."

"Nusu?" Gavana alipaza sauti. "Mtu anahama nusu? Kichwa kimehama, miguu bado inalipa kodi ya nyumba?"

"Punguza sauti! Ni kwa sababu ya Anti Kagendo."

Hapo na mimi nikaweka kikombe chini, maana jambo hilo lilikuwa limeshanigusa.

Niwaeleze. Jumamosi inayokuja tulikuwa tunakwenda kumposea Injinia. Mchumba ni Jemimah, mtoto wa Kimeru, muuguzi, msichana ambaye ukimwona unajiuliza Injinia aliomba kwa nani. Wazazi wake wako Meru, watakuwa kwenye skrini ya televisheni. Upande wa bibi harusi hapa mjini msemaji wao ni shangazi yake, Anti Kagendo, sauti ya pili kwenye kwaya na mshauri wa wateja kwenye benki moja kubwa ya sakafu za marumaru. Na kwa bahati mbaya iliyoje, ni yeye aliyemfungulia Injinia hiyo akaunti juma lile aliloshuka kwenye ndege, kabla Jemimah hajajulikana hata jina.

Upande wetu, msemaji ni mimi. Mimi ni Mtanzania pekee kijiweni na wenzangu wananiita Kamusi. Wakenya hawa mwaka mzima wananicheka nikisema "naomba" na "samahani", lakini ikifika siku ya kuongea na wazee wa watu wanakuja kunibembeleza. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu vizuri, na maneno yenyewe yalisimama juu ya nguzo moja tu, kwamba kijana wetu hana kitu.

"Eleza," nikamwambia. "Eleza yote."

"Kamusi, wewe fikiria," Injinia akasema. "Ile kampuni ya kwenye simu ni nafuu. Benki ya Anti inanikata ada hata nikikohoa. Nikataka kuhama. Lakini Anti si yuko pale? Akifungua kompyuta yake siku chache kabla ya posa akute akaunti yangu tupu, atasemaje?"

"Atasema kijana amefilisika," nikajibu.

"Ndiyo! Na akiikuta imejaa mpaka juu?"

"Atasema ng'ombe waongezwe," akasema Gavana. "Na mbuzi. Na wewe unajua mbuzi wa posa za Toronto hawana manyoya, wana alama ya dola."

"Sasa mnanielewa. Nikakaa, nikapiga hesabu, nikaona nusu ndiyo kipimo cha adabu. Akifungua, anakuta kijana ana kitu, lakini si kitu cha kumtia mtu tamaa."

Gavana akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Buda. Nimekudharau miaka mingi. Nisamehe."

"Hapana, ngoja," akasema Papa Bona. "Ule mama si ataona kama nusu imetoka? Kunabaki nusu, atauliza nusu ingine iko wapi."

"Hapo ndipo nilipotumia akili," Injinia akajibu. Sasa kashapata joto, mnong'ono umeisha, mikono iko hewani. "Ukitaka kuhama, unajaza pale kwenye simu. Kisha kampuni yenyewe inaiandikia benki yako, inawaambia mleteeni huyu mtu na pesa yake. Karatasi inafika benki. Nani anaipokea?"

"Anti!" tukasema.

"Anti! Na kwenye karatasi imeandikwa jina langu, pesa yangu, na ninapokwenda. Ni kama kumtumia kadi ya kumwambia nimekuchoka. Basi karatasi nikaikwepa. Nikaingia kwenye mtandao wa benki usiku wangu, nikatoa nusu mwenyewe, nikaiweka kwenye akaunti yangu ya kawaida ya mshahara. Nikaiacha pale ipumzike. Kisha nikaituma kwenye TFSA mpya kwa ile kampuni. Anti akiangalia, anaona kijana katoa pesa yake. Labda ananunua suti! Labda pete! Nani anauliza?"

Gavana alipiga meza, vikombe vikaruka. "Huyu mtu ni hatari! Huyu apewe wizara!"

"Rudia," akasema Mama Kodi.

Aliisema polepole. Sisi tunaomjua tukavuta viti karibu.

"Nirudie nini?"

"Ulitoa kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Ukaweka kwa mkono wako. Kwenye TFSA nyingine. Mwaka huuhuu."

"Mwezi huohuo, hata."

"Na ile ya kwanza ilikuwa imejaa?"

"Mpaka juu!" Injinia alijibu kwa fahari. "Tarehe mosi Januari niliamka nikaweka kiwango cha mwaka huu kabla sijanywa chai."

Mama Kodi akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani. Nimekaa na yule mama kwenye misiba miwili na hata kule hakuivua.

"Festus," akasema, na alipotumia jina la kwenye kitambulisho nikajua mambo yameharibika. "Hii akaunti ina kiwango. Serikali inakuambia, weka mpaka hapa, faida yake hatuigusi. Ukihama kwa ile karatasi, kampuni ikaongea na benki wao kwa wao, serikali inaona ni pesa ileile imebadilisha nyumba. Hakuna aliyetoa, hakuna aliyeweka. Hata ungehamisha robo, au theluthi, hakuna neno. Lakini ukitoa kwa mkono wako, umetoa. Nafasi ya ile pesa hairudi mpaka Januari ijayo. Ukiiweka kwingine kabla ya hapo, kwao ni pesa mpya. Ulijaza, kisha ukajazia juu."

"Lakini ni pesa ileile!"

"Hawajui sura yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila mwezi unakatwa asilimia moja ya kile kilichozidi. Na kilichozidi ni hiyo nusu yako yote ya adabu."

Mwenye koti jeusi akakohoa kidogo ndani ya skafu yake. Nikadhani ni baridi.

"Ngoja, Mama Kodi," Gavana akaingilia, maana yeye hawezi kuona mtu anaumia bila kuuliza la kwake. "Na ile asilimia mbili ya kampuni, alipata?"

"Hiyo wanapewa waliohamisha kwa karatasi. Huyu hakuhamisha. Huyu ni mtu alitoa pesa hapa akaweka pale."

"Na ada ya kuhama?"

"Umesoma mwenyewe. Wangemrudishia."

"Na simu mpya?"

"Gavana!"

"Nauliza tu. Simu ya zamani ilikuwa niachiwe mimi."

Papa Bona alikuwa anatikisika mabega. Alijizuia, akajizuia tena, mwisho likamtoka. "Matela," akasema, machozi yakimtiririka, "matela haina faini! Unatoa asubui, unarudisha magaribi, matela haiulize kitu!"

"Papa Bona, si wakati wake," nikasema, nikicheka na mimi. Nakiri nilicheka. Mtu aliyetuonyesha mistari ya kijani mwaka mzima, ukimwona amepauka hivyo huwezi kulia kwanza.

Injinia akamshika Mama Kodi mkono. "Nifanye nini, dada?"

"Kesho asubuhi toa kule ulikozidisha. Iweke popote pasipo TFSA, isubiri Januari. Faini ya mwezi uliopita na huu utalipa. Halafu andika barua, uwaombe wakusamehe. Wakati mwingine wanasamehe, ukionyesha ulikosea bila ujanja na ulirekebisha mara tu ulipojua."

"Bila ujanja," Gavana akarudia, akitafuna neno.

"Niandike sababu gani?"

"Ya kweli."

"Dada, nawaandikiaje watu wa kodi wa Kanada sababu ya kweli?"

Gavana alishaanza kumwandikia hewani, kidole ndiyo kalamu. "Kwa mheshimiwa mtoza kodi. Mimi Festus, mwenye akili zangu timamu, nilitoroka na nusu ya pesa zangu mwenyewe nikimkimbia shangazi ya mchumba wangu, ambaye anaimba sauti ya pili..."

"Ongeza kama alikuwa naogopa mbuzi," akasema Papa Bona.

"...na ambaye nilihofia angeniongezea mbuzi. Naomba mnisamehe, na kama hamwezi kunisamehe, naomba msimwambie."

Hata Mama Kodi akacheka. Injinia akalaza kichwa mezani, paji la uso juu ya makombo ya mkate. Nikamwonea huruma. Ukweli ni kwamba yule kijana si mchoyo. Alikuwa anamtaka Jemimah kwa moyo wake wote, na alikuwa anamwogopa yule shangazi kuliko alivyoogopa maofisa wa viza. Aliona mwanamke mmoja ameshika funguo mbili za maisha yake, ya pesa na ya mke, akadhani akichezea moja nyingine itavunjika.

"Injinia, jikaze," nikamwambia. "Faini utalipa. La muhimu, Anti hajui."

"Kweli, hajui," akasema kwa sauti ya chini ya meza.

"Kwake wewe bado ni kijana wa hali ya kati. Jumamosi maneno yangu yatasimama palepale."

"Tupe hayo maneno, Kamusi!" Gavana akadakia. "Mpe mgonjwa dawa. Simama, simama."

Mimi sipendi kujionyesha, lakini nikiombwa naombeka. Nikasimama, nikafunga kitufe cha koti, nikaweka mkono kifuani.

"Wazee wetu wa Meru mlio kwenye skrini, na mama zetu mlio sebuleni, shikamoni. Tumekuja na kijana wetu. Hatukuja na magari, hatukuja na mashamba. Kijana wetu hana kitu. Ameshuka ugenini na begi moja, analala chumba cha chini ambako dirisha lake linaona miguu ya wapita njia. Akipata senti ya leo inakwenda kwenye joto la nyumba, ya kesho inakwenda kwenye nauli. Alichonacho ni mikono miwili na moyo uliompenda binti yenu. Tunawaomba, wazee wetu, mtuhurumie, mtupimie kwa kibaba cha maskini..."

"Ukweli mtupu!" Gavana akaitikia.

"...kwa sababu mkimkamua huyu, hamtapata maziwa, mtapata machozi."

"Hapo ndipo nililia mara ya kwanza kuyasikia," Gavana akamwambia Papa Bona. "Hapo pa machozi."

"Ni pazuri," ikasema sauti nyuma yetu. "Lakini hapo pa dirisha punguza kidogo. Pale kuna madirisha mawili."

Koti jeusi lilikuwa limegeuka. Mkono mmoja ukashusha skafu, ukarudisha kofia nyuma, na pale mbele yetu, kajaa tele na mifuko miwili ya mikate ya moto kifuani, akatokea Anti Kagendo.

Nimeona watu wakisimama haraka maishani, lakini Injinia alisimama na meza. Chai yote ikahamia kwa Papa Bona.

"Shi... shikamoo, Anti," nikasema.

"Marahaba, Kamusi. Una sauti nzuri. Nilikuwa nimekuja kuonja mikate, nione kama inafaa niagize ya Jumamosi. Nimeionja. Nimeonja na mengine."

"Anti," Injinia akaanza, "mimi nilikuwa..."

"Wewe kaa."

Akakaa. Gavana naye akakaa, ingawa alikuwa ameshakaa.

"Festus, unajua siku Jemimah alipokuja kunitajia jina lako nilifanya nini?" Aliuliza bila hasira, na hilo lilituogofya zaidi. "Jumatatu yake asubuhi nilikwenda kwa bosi wangu. Nikamwambia, huyu mteja anataka kuwa mtu wa nyumbani kwangu, faili lake mpeni mwingine. Ndiyo sheria ya kazi yetu. Tangu siku hiyo wewe mshauri wako ni kijana mmoja anaitwa Hussain, meza ya tatu kutoka mlangoni, na mimi sijui kama una elfu au una ndururu. Hata nikitaka kuangalia, siruhusiwi."

Injinia akafuta makombo kwenye paji la uso.

"Kwa hiyo ile karatasi..." Injinia akasema.

"Ingekwenda kwa Hussain. Angeipiga muhuri akaenda kula."

"Hussain," Injinia akarudia. Alilitamka jina hilo kama mtu anayesomewa hukumu.

"Watu wanahama benki kila siku. Ungenifuata pale kanisani, ukaniambia, Anti, nahama, kuna kampuni ni nafuu. Ningekwambia nenda, mwanangu, ila usitoe kwa mkono, jaza karatasi, chagua kuhamisha sehemu, wao watamaliza. Maneno ya mlangoni, yangeisha kabla hujafunga zipu ya koti. Lakini wewe ulinikwepa. Majuma yote haya nikikusalimia unaenda kupanga viti ambavyo vimeshapangwa. Jemimah akaniuliza, Anti, Festus amekasirika nini na wewe? Nikamwambia labda ni woga wa posa, mwache. Nilikutetea."

Sauti yake ilipasuka kidogo hapo, na mimi niliona aibu, aibu ya kweli ya kushuka mpaka kwenye soksi. Tulikuwa tumemfanya yule mama jini la akaunti, na kumbe alikuwa amejifungia mwenyewe mlango wa faili hilo kwa heshima zake.

"Na si hapo tu," akaendelea. "Jana nimepiga simu Meru. Nimeongea na baba yake Jemimah mpaka kadi ikaisha. Nimemwambia, ndugu yangu, tupunguze. Huyu ni kijana mpangaji, anaanza maisha, tusimvunje mgongo. Akakubali. Mbuzi walikuwa wameshashuka, Festus. Walikuwa wameshashuka bila Kamusi kufungua mdomo."

"Walikuwa?" Gavana akauliza kwa sauti ndogo.

"Walikuwa. Sasa nimesikia kwa masikio yangu, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba akaunti ilijaa mpaka juu tarehe mosi kabla ya chai. Benki haikuniambia. Kompyuta haikuniambia. Mwenyewe kanisimulia, mikono hewani. Mimi na ndugu yangu hatudanganyani. Leo jioni nampigia tena."

Injinia akageuka kuniangalia. Nikaangalia friji.

Anti Kagendo akapandisha skafu. Akampa Injinia ile mifuko miwili ya mikate, na Injinia akaipokea kwa mikono yote miwili.

"Nibebee mpaka kwenye gari," akamwambia. "Mkate ni mzuri, naagiza wa Jumamosi. Posa iko palepale, saa nane, na msichelewe. Msichana anakupenda, hilo silo la kwangu kulihamisha."

Tukashusha pumzi meza nzima. Akafika mlangoni, akashika kitasa, akakumbuka kitu, akanigeukia.

"Na wewe Kamusi, ile hotuba ya kijana wetu hana kitu usiitupe, ni nzuri mno. Iandike vizuri kwa Kiingereza muwatumie watu wa kodi. Mpaka wazee wamalize naye Jumamosi, itakuwa imeshakuwa kweli."

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, wakatoka, yeye mbele na Injinia nyuma amekumbatia mikate. Mama Kodi alirudisha miwani puani. Papa Bona aliinuka akikung'uta chai kwenye suruali, akasema anawahi nyumbani, ana jambo la kuangalia chini ya matela. Gavana akabaki ameishika simu, habari yake ya asilimia mbili bado inang'aa.

"Sasa Kamusi," akaniuliza, "akiba yangu na mimi iko benki hiyohiyo. Huyo Hussain wa meza ya tatu, unadhani anafungua saa ngapi kesho?"

"Kelele," akasema Ehsan.